Zabibu Haingoji

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu kwa wanachama na wageni, katika sherehe ya kutimiza miaka 10, Kintinku



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kuzieleza vema habari za mpunga, za alizeti na za ufuta, ambazo ndizo zilizokilea Chama hiki kwa miaka yake yote 10. Sisi tumepewa kazi ya kusema juu ya zao ambalo bado halimo katika vitabu vyetu vya hesabu, nalo ni zabibu. Hatukulichagua kwa sababu ya utamu wake. Tumelichagua kwa kuwa Mkutano Mkuu ujao una hoja mbele yake, iliyoletwa na vyama vya msingi vitatu, kwamba fedha za akiba za Chama zikopeshwe kwa wanachama ili wapande mizabibu. Hoja hiyo ni kubwa, na fedha zenyewe ni jasho la watu walio mbele yetu hapa. Basi yafaa kila mwenye kura ajue, kabla ya kunyosha mkono, zao hili ni la namna gani, huleta faida gani kwa taifa, na faida hiyo hukaa mikononi mwa nani.

Kwanza twaomba kuondoa jambo dogo linalowachanganya wageni. Makutupora ziko mbili. Iko Makutupora yetu, jirani hapa katika Wilaya ya Manyoni, ambayo siku hizi jina lake husikika kila reli mpya inapotajwa. Na iko Makutupora ya kaskazini ya mji wa Dodoma, penye kituo cha Serikali cha utafiti wa mzabibu, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Aina ya zabibu nyekundu ijulikanayo kwa jina la Makutupora ilipewa jina la mahali pale, wala si petu. Mzee mmoja wa hapa alipoambiwa hivyo alisikitika kidogo, lakini ukweli ndio huo.

Mzabibu ni mgeni katika nchi ya Ugogo, ijapokuwa ni mgeni aliyekaa sana. Ulifika kabla ya Uhuru kwa mikono ya mapadre wa Kikatoliki, na jina la Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, ndilo litajwalo mara nyingi wazee wanaposimulia mashina ya kwanza. Mapadre walihitaji divai ya misa, na kuiagiza kutoka Ulaya kulikuwa na gharama na taabu. Wakaona kuwa nchi hii ambayo watu wengi waliihesabu kuwa kame na isiyofaa, yenye mvua za miezi michache tu kuanzia Desemba hadi Aprili na jua kali muda uliobaki, inaupendeza mzabibu kuliko nchi nyingi zenye rutuba na mvua ya kutosha. Kutoka misheni mche ukatoka ukaingia katika mashamba ya watu, na tangu miaka ya 1960 zabibu ikawa zao la biashara katika vijiji vya Mpunguzi, Matumbulu, Hombolo na vinginevyo.

Sababu ya kupendezwa huko ni ya kuelezwa, maana ndani yake imo bahati yetu. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi. Majani hupukutika, maji ya mti husimama, na mkulima hungoja mpaka joto lirudi. Kwa hiyo huvuna mara moja tu kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mzabibu hapa huamshwa na kisu cha mkulima. Akisha kupogolea, macho ya matawi huchipua, maua hutoka, na baada ya miezi minne hivi au zaidi kidogo vichala huwa tayari. Ndiyo maana mkulima wa Dodoma aweza kuvuna mara mbili, mara ya kwanza yapata Februari na Machi, na mara ya pili Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo mazuri zaidi, kwa sababu jua huikusanya sukari ndani ya tunda wala hapana mvua ya kulipasua ganda. Mavuno ya masika huandamwa na magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na dawa zake si za bei ya chini.

Sasa tuje kwenye faida ya taifa, na tuianze kwa hesabu nyepesi. Tani moja ya zabibu ikikamuliwa na kuchachushwa hutoa lita 600 hadi 700 za mvinyo. Mvinyo huo ukitiwa katika chupa za kawaida, zilizo robo tatu ya lita, hupatikana chupa 800 hadi 930. Mkulima aliyeuza tani ile ameuza kilo 1,000 kwa bei ya siku ile, kisha amekwenda zake. Lakini zabibu zenyewe ndiyo kwanza zinaanza safari. Yuko wa kuzipokea na kuzipima, yuko wa kuzikamua, yuko fundi wa kuulinda mvinyo katika matangi, wako watengenezaji wa chupa, wa karatasi za chupa na wa maboksi, yuko dereva, yuko mwenye duka, yuko mhudumu wa hoteli. Na juu ya wote yuko mtoza ushuru, ambaye hupata fungu lake katika kila chupa itokayo kiwandani. Alizeti nayo ina safari yake, lakini ni fupi: mbegu, mashine, mafuta, mashudu, basi. Ni machache sana mazao ya shamba dogo yanayopita katika mikono mingi ya ufundi kama zabibu, na kila mkono ni ajira ya Mtanzania endapo kazi hiyo itafanyika humu nchini.

Maneno hayo, endapo kazi itafanyika humu nchini, ndiyo kiini cha habari yote. Watalii waendao Arusha na Unguja hunywa mvinyo kila siku katika hoteli, na mwingi wa mvinyo huo hutoka nje, hasa Afrika ya Kusini. Mji wa Dodoma wenyewe, ambao mwaka 1973 uliamuliwa kuwa makao makuu na mwaka 2018 ukapewa hadhi ya Jiji, umejaa nyumba za wageni na kumbi za mikutano kuliko wakati wowote uliopita. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi hapo. Soko limeusogelea mlango wa shamba. Hata hivyo, soko kusogea na mkulima kunufaika ni mambo mawili mbalimbali, na wenzetu wa Dodoma wamelijua hilo kwa uchungu.

Zao hili lina tabia moja ambayo yatupasa tuielewe vema kuliko nyingine zote. Zabibu haingoji. Mpunga ukikauka hukaa ghalani hata mwaka. Alizeti hukaa. Ufuta hukaa, na kwa kuwa hukaa, mkulima aweza kuuweka katika ghala, akapewa stakabadhi, akangoja mnada. Ndizi huchumwa mbichi ikaivia njiani. Zabibu haina hata moja ya rehema hizo. Haiivi tena ikisha kukatwa. Jinsi ilivyokatwa ndivyo ilivyo. Ikibaki mtini baada ya kuiva huliwa na ndege na nyuki, au husinyaa ikapungua uzito. Ikikatwa ikawekwa kivulini katika joto kama letu hili la bondeni, siku chache tu huanza kuchacha yenyewe. Mkulima wa zabibu huingia sokoni akiwa na saa mkononi, naye mnunuzi anaijua saa hiyo kama yeye. Basi ni nani kati yao atakayepanga bei?

Ndiyo sababu kila nchi iliyostawi kwa mvinyo imepitia msiba wa bei kabla ya kupata ustawi wake. Tutaje nchi mbili, kwa kuwa katika zote mbili dawa ilikuwa ushirika.

Kusini ya Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa mizabibu walipatwa na balaa. Mvinyo ulikuwa mwingi kupita haja, na wafanyabiashara wadanganyifu wakauongeza zaidi kwa sukari na maji, wakauza maji ya sukari kwa jina la mvinyo. Bei ikaanguka. Mwaka 1907 watu wakafurika katika miji, na tarehe 9 Juni umati wa mamia ya maelfu ukakusanyika katika mji wa Montpellier. Jeshi likaitwa, watu wakafa. Kabla mwezi huo haujaisha Bunge la Ufaransa likapitisha sheria ya kuwabana wadanganyifu. Lakini sheria peke yake haikumpa mkulima mdogo mahali pa kuweka mvinyo wake angoje bei njema. Mahali hapo walijijengea wenyewe. Katika kijiji cha Maraussan wakulima walikuwa wamekwisha kuanza ushirika wao mwaka 1901, wakajenga na nyumba yao ya pamoja ya kukamulia na kuhifadhia. Baada ya msiba wa 1907 vijiji vingi vikafuata mfano wao, na vyama vya namna hiyo vikaenea kusini yote ya nchi ile.

Afrika ya Kusini mzabibu ulipandwa Rasini tangu mwaka 1655. Hata hivyo, miaka 250 na zaidi baadaye wakulima wake walikuwa hoi kwa sababu ile ile, mvinyo mwingi usio na bei. Mwaka 1918 wakaunda ushirika mkuu uitwao KWV, katika mji wa Paarl, nao ukapewa nguvu ya kuamua bei ya chini na kuuondoa sokoni mvinyo uliozidi. Hatusemi kwamba ushirika ule ulikuwa wa haki kwa watu wote. Ulikuwa wa wenye mashamba Wazungu, na vibarua waliopogolea na kuchuma hawakuwa na sauti ndani yake. Mwaka 1997 uligeuzwa kuwa kampuni. Tumeutaja kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba mwenye tangi ndiye aliyeweza kusema neno juu ya bei.

Turudi nyumbani. Nasi tulikuwa na kiwanda cha umma cha mvinyo Dodoma, kilichojulikana kwa jina la DOWICO. Wakati kiwanda hicho kilipokuwa na nguvu, mkulima alikuwa na mahali pa kupeleka vichala vyake. Kilipodhoofika, na hatimaye kufungwa, mashamba mengi yaliachwa yakawa magugu, na watu wakang'oa mashina waliyoyapanda kwa mikono yao. Katika karne hii viwanda vya watu binafsi vikajitokeza, kikiwamo kile cha CETAWICO huko Hombolo, na zao likafufuka. Serikali nayo ikasaidia kwa umwagiliaji, kama katika mashamba ya pamoja ya Chinangali, Wilaya ya Chamwino. Mizabibu ikaongezeka. Matangi hayakuongezeka kwa mwendo uo huo. Ikawa kila baada ya misimu michache twasikia habari zile zile: zabibu zimeiva, viwanda vimejaa, mkulima amebaki na mzigo unaooza.

Hapo likazuka na jambo la mchuzi wa zabibu. Wenye viwanda wengine waliona ni nafuu kuagiza mchuzi wa zabibu kutoka nchi za nje, ukaja umekwisha kukamuliwa, wakauchanganya na kuutia katika chupa, kuliko kununua zabibu za jirani zao. Jambo hili halina tofauti kubwa na maji ya sukari ya mwaka 1907. Serikali ililitazama kwa njia ya ushuru. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za humu nchini kwa zaidi ya sehemu 75 katika 100 ulitozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 tu kwa lita, hali ule wenye zabibu za nje kwa zaidi ya sehemu 25 ulitozwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa lita. Katika chupa moja tofauti hiyo ni kati ya shilingi 150 na zaidi ya shilingi 1,500. Ni tofauti inayoweza kumfanya mwenye kiwanda aikumbuke barabara ya kwenda vijijini. Twaisifu Serikali kwa hilo bila kusitasita. Lakini ushuru waweza kubadilishwa, na mkulima apandaye mti wa kuishi miaka 25 na zaidi hawezi kuyajenga maisha yake juu ya ukurasa mmoja wa bajeti.

Nao wale wanaosema kwamba dunia yote yangoja mvinyo wetu, twawasihi wapunguze. Italia, Ufaransa na Hispania peke yao hutoa karibu nusu ya mvinyo wote wa duniani, na bado zina mwingi wa ziada. Unywaji wenyewe umekuwa ukipungua. Mwaka 2023, ambao mavuno ya mvinyo duniani yalikuwa madogo kuliko mwaka wowote tangu 1961, ndio huo huo ambao Ufaransa ilitoa fedha kuwalipa wakulima wa Bordeaux ili wang'oe mizabibu yao. Soko letu la kwanza liko Dodoma, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Unguja, katika meza ambazo leo zina chupa za wageni. Hilo linatutosha kwa muda mrefu, nalo si dogo.

Bwana Mwenyekiti, sasa twaitazama Kintinku yenyewe.

Sisi tumekaa chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika ukingo wa mbuga ya Bahi. Reli ya Kati ilipita hapa kati ya mwaka 1910, ilipofika Dodoma, na mwaka 1912, ilipofika Tabora. Na barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Manyoni hupita mlangoni. Kwa hiyo kwa usafiri hatuna lawama kubwa. Tuna jua, tuna kiangazi kirefu, tuna samadi ya ng'ombe kwa wingi, na samadi ndiyo chakula cha mzabibu. Lakini si kila udongo wa hapa wafaa. Mbuga inayotuama maji wakati wa masika ni ya mpunga, na iachwe iwe ya mpunga. Mzabibu hauvumilii kusimama majini, tena sehemu za mbuga zina chumvi, na maji ya baadhi ya visima vyetu ni ya chumvichumvi, jambo ambalo kila mama achotaye maji analijua. Mashamba yatakayofaa ni yale ya juu, yenye udongo mwekundu wa kichanga, na si kabla ya udongo wake na maji yake kupimwa. Kituo cha Makutupora ya Dodoma kipo kwa kazi kama hiyo, nacho si mbali.

Jambo la pili ni chakula. Wazee waliotulea walisimuliwa na baba zao njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyomaliza watu na ng'ombe katika Ugogo. Tangu siku zile mtu wa nchi hii hapendi kusikia kwamba shamba la mtama au uwele limegeuzwa kuwa shamba la kitu kisichoingia chunguni. Nasi hatupendi kumwambia afanye hivyo. Fomu yoyote ya mkopo itakayotolewa na Chama sharti iwe na sharti hili, kwamba mwombaji abaki na shamba la chakula la kuitosha nyumba yake. Nusu eka ya mizabibu iliyotunzwa vema ina thamani kuliko eka mbili zilizoachwa ziliwe na mchwa.

Tena hatuna budi kusema wazi kwamba wako wanachama wetu ambao dini yao au kanisa lao haliruhusu ulevi. Wengine wametujia ofisini wakauliza kwa upole kama fedha zao zitaingizwa katika pombe. Swali lao ni la haki, na jibu letu ni kwamba zabibu si mvinyo tu. Yako maji ya matunda, iko zabibu kavu, iko siki, na ziko zabibu za mezani ambazo huliwa kama zilivyo. Uturuki na Iran, nchi za Waislamu, zimo miongoni mwa nchi kubwa za zabibu duniani, na Uturuki huuza nje zabibu kavu kwa wingi mno. Jua la kuanikia tunalo bure. Hata hivyo, tusidanganyane: katika Tanzania ya leo mnunuzi mkubwa ni kiwanda cha mvinyo, na atakayepanda aina za mvinyo, mathalani Makutupora nyekundu au ile nyeupe iitwayo Chenin Blanc, ajue anampandia nani. Mwanachama asiyetaka fungu lake liende huko, twashauri Mkutano Mkuu umpe nafasi ya kulielekeza katika mashine ya mpunga au ghala.

Jambo la tatu ni gharama, na hapa ndipo hoja iliyo mbele yetu inapopungukiwa. Imeandikwa kwamba Chama kikopeshe fedha za miche. Miche ni gharama ndogo kuliko zote. Pingili za mzabibu hukatwa wakati wa kupogolea na mtu aweza kupewa bure na jirani yake. Kinachogharimu ni nguzo na waya, kwa kuwa mzabibu hausimami wenyewe. Ni maji ya kiangazi. Ni dawa za ukungu. Na ni kula kwa mwaka mmoja na nusu, miwili au zaidi kabla ya mavuno ya maana. Mwanachama atakayepewa miche bila nguzo amepewa deni.

Na hata akipewa nguzo, na maji, na dawa, akavuna tani zake mwezi wa Agosti, bado hajaulizwa swali kuu. Atazipeleka wapi, na kabla ya siku ya ngapi?

Kwa sababu hiyo Halmashauri, ambayo sisi ni watumishi wake, italeta mbele ya Mkutano Mkuu hoja nyingine ya kuiongoza ile ya kwanza. Twaona kwamba lisipandwe shina hata moja kwa fedha za Chama mpaka mambo mawili yamekamilika. Liko la mkataba wa maandishi na mnunuzi, wenye kutaja kilo, bei ya chini, siku ya malipo, na namna ya kupima sukari. Hili la kupima sukari si dogo. Kiko kifaa cha mkononi ambacho hutiwa tone moja la maji ya zabibu, kikaonyesha sehemu za sukari katika 100. Zabibu ya mvinyo iliyoiva vema huwa na sehemu 20 na zaidi. Mkulima asiyekuwa na kifaa hicho huambiwa na mnunuzi kuwa zabibu zake hazijaiva, naye hana la kujibu. Chama kikiwa nacho, kila chama cha msingi kimoja, mazungumzo hayo hubadilika.

Na liko la tangi. Twapendekeza kwamba nusu ya fedha zinazoombwa zitengwe kwa nyumba ya kukamulia na matangi ya chuma kisichoshika kutu, pamoja na mtambo wa kuyapoza, maana mvinyo mweupe hutaka kuchachuka katika ubaridi wa nyuzi chini ya 20, na Kintinku hakuna ubaridi huo ila ununuliwe. Hatupendekezi kujaza chupa. Chupa, vizibo, karatasi zake na kibali chake ni vita vingine, na wako wenye viwanda Dodoma wanaovipigana tayari. Sisi tukamue, tuchachushe, tuuze mchuzi wa zabibu. Zabibu haingoji, lakini mchuzi uliochachuka vema na kufungiwa katika tangi lililojaa, lisiloingia hewa, hungoja miezi. Mnunuzi akija mwezi wa Septemba na bei ya dharau, aweza kuambiwa arudi Januari. Hilo ndilo lililowaokoa watu wa Maraussan.

Twajua kwamba wako viongozi wenzetu wasiokubaliana nasi, na hoja zao ni nzito. Husema kwamba tangi tupu haliingizi senti, na kwamba kujenga kabla ya kupanda ni kununua kitanda kabla ya kuoa. Husema pia kwamba Dodoma kuna matangi yasiyojaa wakati wa mavuno ya masika, basi kwa nini tusikodi? Hoja ya kukodi twaikubali kwa misimu miwili ya kwanza, maana mavuno yatakuwa madogo, na tumekwisha kuandika barua kwa vyama viwili vya wakulima wa zabibu kuuliza habari. Majibu yatasomwa mkutanoni. Lakini Agosti, wakati kila mtu anavuna, hakuna atakayetukodisha tangi lake, na Agosti ndiyo mavuno bora. Wengine husema fedha zitolewe sasa kwa kuwa mvua za Desemba ziko karibu. Mvua za Desemba zitakuja pia mwaka ujao.

Ama kuhusu wale walioanza wenyewe, bila mkopo wa mtu, na twajua wako watano katika vijiji vyetu, twawapongeza kwa moyo. Mashamba yao ndiyo shule yetu. Tumewaomba watuandikie kila juma wamepata nini, wametumia nini, maji yao yana ladha gani, na ugonjwa gani umewatembelea. Mmoja wao amekwisha kutuambia kwamba adui yake wa kwanza si ukungu wala mchwa, ni watoto watokao shule. Twadhani hilo nalo liandikwe.

Daftari la wanaotaka kupanda litafunguliwa ofisini kwetu Jumatatu ijayo, saa 2 asubuhi. Mwenye kuandikisha jina alete hati au barua ya serikali ya kijiji kuonyesha shamba lake, aseme ana kisima au hana, na alete udongo wa shamba hilo katika mfuko safi, uliochimbwa kwa kina cha jembe mahali patatu mbalimbali, pamoja na chupa moja ya maji atakayomwagilia. Udongo na maji yote yatapelekwa Makutupora ya Dodoma kwa gari la Chama, na majibu yatabandikwa ukutani kabla ya Mkutano Mkuu, jina kwa jina.